Kondoo wa Nyuma

Nikionyeshwa picha ya mtoto aliye tumboni, macho yangu hayaendi kwa mtoto. Wiki iliyopita mdogo wangu Robhi alinitumia yake kwa simu, akaandika, "Kisia ni nani," na vikatuni vitatu vya kucheka. Niliikuza kwa vidole mpaka ikawa ukungu mtupu, nikitafuta kondo la nyuma limekaa wapi. Wala sijui kuzisoma picha hizo. Chuoni nilisoma takwimu, si udaktari. Nikampigia Robhi, na badala ya kukisia nikamuuliza mpimaji alimwambia nini kingine, alitumia maneno yapi, na kama aliyaandika.

"Dada, mimi nimeuliza mvulana au msichana," akasema Robhi.

Hana kosa. Wakati wa habari hii alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe mara nyingi ulikuwa wangu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, kijijini kwetu Itiryo, na nilikuwa mchungaji wa kondoo. Kwa kawaida kuchunga ni kazi ya wavulana, lakini nyumba yetu haikuwa na mvulana, na kondoo hawajali.

Kwetu Wakurya mke ni nyumba. Baba alikuwa na nyumba mbili katika boma moja: ya mama mkubwa yenye wavulana wanne, na yetu yenye wasichana watatu, Bhoke, mimi na Robhi. Baba hakuwa mtu wa kulalamika. Wana alikuwa nao tayari. Aliyekuwa na wasiwasi ni Bibi, mama yake Baba. Alisema nyumba isiyo na mvulana haina wa kuirithi, na siku moja ng'ombe wake watavuka kwenda upande wa pili wa boma, na mama yetu atazeeka akiomba maziwa kwa watoto wa mwenzake. Nilipokuwa mkubwa nilimchukia sana kwa maneno hayo. Siku hizi nimepunguza. Alikuwa akieleza jinsi mambo yalivyo; kosa lake ni kutojiuliza kama ni lazima yawe hivyo. Na mimi, ninayejiuliza kila kitu, sijaona kama nimewafaa watu kuliko yeye.

Dawa ya mila kwa nyumba ya namna hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Ng'ombe wa mahari ya binti wa nyumba hiyo hutumika kumleta msichana mwingine, naye huolewa na nyumba yenyewe, kana kwamba ndani yake yupo kijana wa kiume aliyemwoa. Watoto atakaozaa ni wa nyumba hiyo. Lakini ili ng'ombe hao wapatikane, binti wa kwanza lazima aolewe. Binti wa kwanza alikuwa Bhoke. Alikuwa darasa la saba, ana kifua cha kikohozi na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu, na wazee wawili kutoka upande wa Sirari walikuwa wameshakuja kukaa na Baba chini ya ukuta wa zizi na kunywa kimya kimya.

Wakati huo Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Ulezi ulikuwa unakaribia kuvunwa. Bibi aliamua kwamba wale wazee wapewe jibu baada ya mavuno, na mtoto alitarajiwa baada ya jibu. Mama akaomba wasubiri. Bibi akamwambia hakuna cha kusubiri, huyo ni msichana wa nne, yeye ameshamtazama. Alikuwa na vipimo vyake: Mama alikuwa anaanza kupanda kizingiti kwa mguu wa kushoto, anasinzia mchana, na uso wake umeng'aa. Mtoto wa kiume, alisema Bibi, humfanya mama yake awe mbaya.

Mama hakubishana. Alikuwa mtu wa Kenyamonta, kwa Wangoreme, na hata baada ya miaka kumi na tano Itiryo watu walikuwa bado wakimtania kwa jinsi anavyotamka baadhi ya maneno. Aliuza majogoo mawili, akasema anakwenda kumwona ndugu yake aliye mgonjwa, akanichukua mimi.

Alinichukua mimi kwa sababu ya Kiswahili. Hakuwahi kwenda shule. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni, kikiisha bei kimeisha. Bhoke alikijua vizuri zaidi, lakini huwezi kumchukua mtu akasikilize hukumu yake mwenyewe. Kwa hiyo tulipanda pikipiki, mimi mbele juu ya tenki, Mama nyuma amekaa upande, hadi mji mmoja wa wachimbaji wa dhahabu, ambako watu wa kila mkoa walikuwa wamejaa na ambako mtu mmoja binafsi alikuwa na chumba chenye mashine ya kuona tumboni. Njiani nilikuwa na furaha kubwa. Nilikuwa nakwenda kazini. Shuleni tulichapwa kwa kusema "kurara" badala ya "kulala", na hapa mtu mzima alikuwa akinihitaji kwa ajili ya Kiswahili kilekile.

Chumba kilikuwa na pazia la bluu na harufu ya spiriti. Mama alinikumbusha kwa kidole mgongoni, nikasema shikamoo. Mpimaji alikuwa kijana, mgeni kutoka mbali, anazungumza haraka kama mtangazaji wa redio. Alimmwagia Mama tumboni uji wa baridi unaoteleza kama mlenda, Mama akashtuka, akacheka kwa aibu, akafunika mdomo. Halafu kioo kikawaka. Nilifikiri ni televisheni imekosa mawimbi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye kibanda cha video pale senta mvua ikinyesha. Nilingoja picha itulie. Haikutulia. Yule kijana alionyesha kwa kidole katikati ya chenga zile.

"Mlitaka kujua jinsia, eti? Mwambie mama, dume hilo. Dume kabisa."

Neno hilo nililijua. Dume ni beberu, dume ni fahali. Nilimwambia Mama kwa Kikurya kwamba ni mvulana. Chozi moja lilimtoka kwenye jicho la upande wangu, likashuka likaingia sikioni, naye akaliacha humo.

Kijana aliendelea kusogeza kile kifaa chini ya kitovu, akarudi, akakandamiza. Aliacha utani. Akaniangalia mimi, kisha mlangoni kama anayetafuta mtu mwingine wa kuongea naye. Hakukuwa na mwingine.

"Binti, sikiliza vizuri. Mwambie mama kondo la nyuma limetangulia, limeziba njia."

Naandika sentensi hiyo sasa na naona kila neno mahali pake. Wakati ule nilisikia kondoo. Nisikie nini kingine? Dakika moja kabla mtu huyo alikuwa amezungumza habari ya dume. Kwetu mnyama yeyote mkubwa au msumbufu tulimwita hivyohivyo, kondoo limetoroka, ng'ombe limekula mahindi. Na kondoo wa nyuma nilimjua, nilikuwa naye kila siku: kila kundi lina mmoja anayevuta miguu mwishoni, na akipata nafasi ya kutangulia husimama katikati ya kichochoro, wote wakajazana nyuma yake. Nilidhani yule kijana, baada ya kuona mambo makubwa kwenye kioo chake, anasema kwa mafumbo kama wazee wanavyofanya.

Alisema na maneno mengine. Alisema Mama asizalie nyumbani, aende hospitali kubwa, na hilo nililitafsiri. Kila muuguzi alikuwa akimwambia kila mwanamke hivyo. Akaandika nyuma ya picha mistari miwili kwa Kiingereza, akapiga mstari chini ya neno moja, akatukabidhi.

Nje, Mama alikaa kwenye jiwe kuifunga kanga upya. Akaniuliza kwa Kikurya, "Alipobadilika uso alisema nini?"

"Alisema kondoo wa nyuma ametangulia. Ameziba njia."

Mama aliacha kufunga. Aliitazama barabara kwa muda, midomo ikienda bila sauti, anayapima maneno. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kilikuwa kirefu, cha tumbo, mpaka muuza mkate wa jirani akageuka. Yeye alielewa palepale. Kondoo wa nyuma ni huyu aliyekuja mwisho. Ametangulia mbele ya dada zake wote, na ameziba njia. Njia ipi? Njia ya Sirari. Njia ya wale wazee wa Bhoke.

"Watu wengine wana akili," alisema. "Ameona hadi hilo."

Sijawahi kumwona Mama akifurahi hivyo kabla wala baada. Alininunulia mkate wenye sukari juu na akakataa kuonja.

Nyumbani Bibi alikasirika kwanza, akasema mtoto hatazamwi kabla hajaja, kama vile ndama hahesabiwi akiwa tumboni. Lakini ilikuwa hasira ya kulinda heshima tu. Kabla ya jioni alikuwa ameitazama picha mara tatu, mara mbili ikiwa kichwa chini. Baba ndiye aliyeichukua. Aliikunja akaitia mfuko wa shati, na siku ya mnada akaenda nayo. Wenzake walimcheka, mmoja akasema haoni mtoto, anaona wingu tu. "Mura, wewe umezoea kutazama mkia wa ng'ombe," Baba akamjibu. "Angalia vizuri." Hivyo picha ilizunguka kwenye mikono ya watu wengi, yenye kinyesi cha ng'ombe na yenye jasho, na nyuma yake maneno ya Kiingereza yamepigiwa mstari, na hakuna aliyeigeuza. Nani ageuze? Kilichotafutwa kilikuwa mbele. Kwenye zahanati yetu Mama aliendelea kuhudhuria kama kawaida, muuguzi akampima tumbo kwa utepe akasema linakua vizuri. Hakumwambia habari ya mashine. Aliogopa kuonekana mwanamke anayejifanya mjuaji.

Wale wazee waliambiwa wasubiri. Bhoke alirudi kuimba akiosha vyombo. Na ule msemo wa kondoo ukawa wa boma zima. Mtu akikwama mlangoni na mzigo wa kuni, mwingine anamwambia, "Kondoo wa nyuma, tupishe."

Damu ilianza mchana, tukiwa tunaanika ulezi. Mama alisimama kuukung'uta mkeka, akaangalia chini, akakaa. Mama mkubwa akaja mbio. Akamuuliza kama anaumwa, Mama akasema hapana, haimuumi hata kidogo. Bibi akauliza tena, kwa makini, kiuno je, mgongo je. Hakuna. Wote wakapumua. Kitu kisichouma, kwa akili ya watu waliozaa mara sita na saba kwa maumivu, hakiwezi kuwa kikubwa. Wakamlaza kivulini. Bhoke alitumwa maji, mimi nikatumwa kurudisha kondoo. Nilipofika nao, kanga ya pili ilikuwa imelowa na pikipiki ilikuwa ndiyo kwanza inatafutwa.

Hospitalini walimpasua. Mtoto alitoka ameshakufa. Alikuwa mvulana. Ili damu isimame walikitoa na kizazi. Haya nayaeleza kwa haraka kwa sababu ndivyo nilivyoelezwa, na Bhoke, mlangoni, akiwa na ndoo ambayo hakuitua.

Walimzika nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, bila watu wengi. Bibi alimpa jina, Chacha, jambo ambalo mama mkubwa alisema halikuwa na lazima. Mama aliporudi alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Hakuna aliyemtukana. Ila jioni moja Bibi, akiwa anapekecha mlenda, alisema bila kuinua kichwa, "Mlimtazama. Kitu cha gizani mmekiwashia taa." Mama akaitikia, "Ndiyo, mama." Siku zile niliona ni jibu la heshima tu. Kumbe lilikuwa la mtu aliyekubali kosa.

Bhoke hakufanya mtihani wa mwisho. Ng'ombe wake walikuja, na kabla nyasi za zizi hazijakauka wakaondoka kwenda kumleta Ghati, msichana aliyemzidi Bhoke labda mwaka mmoja, mpole, mwenye hofu ya mbwa. Aliolewa na nyumba yetu. Kwa kuwa nyumba yetu sasa ilikuwa na mtoto wa kiume mwenye jina, ingawa yuko chini ya migomba, wazee walisema ni mke wa Chacha. Ghati amezaa wavulana wawili. Wanaitwa watoto wa Chacha. Wanacheza mpira mahali alipolala baba yao, ambaye hakuwahi kuvuta pumzi hata moja. Nikiwasimulia hili rafiki zangu wa chuo wananitazama kama nimetunga. Halafu wananiuliza naonaje mila hiyo, nami nina majibu mengi, mazuri, yenye hoja. Lakini wale watoto wananiita shangazi na mikono yao ina joto.

Mimi, baada ya mazishi, nilikuwa na vita vyangu. Niliamini kwamba kondoo wa nyuma ndiye aliyefanya haya. Sikujua kwa njia gani, lakini yule kijana wa mashine alikuwa amesema, na imekuwa. Kulikuwa na jike mmoja mwenye kwato mbovu, daima wa mwisho. Kila alipojaribu kupita wenzake nilimkimbilia na fimbo nikamrudisha. Nilimpiga puani. Alikuwa akinitazama kwa macho yale ya njano, anarudi nyuma, anajaribu tena. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na kama wangeniuliza ningesema namfundisha adabu.

Halafu mtu hukua, husoma, huacha kuamini. Niliacha kuamini karibu kila kitu: kwamba uso unaong'aa una maana, kwamba macho ya watu huua mtoto tumboni, kwamba wazee husema kweli kwa sababu ni wazee. Mambo ya Mama niliyaweka kwenye fungu la bahati mbaya na umaskini. Kondoo nilimsahau.

Mwaka wa kwanza chuoni nililala chumba kimoja na Anitha, aliyesomea uuguzi. Walikuwa wanakwenda mafunzo ya vijijini na walitakiwa kujua kueleza kila ugonjwa kwa Kiswahili. Alikuwa akitembea kati ya vitanda viwili na daftari kifuani, anakariri kwa sauti, nami nafua soksi kwenye beseni.

"Kondo la nyuma kutangulia," alisema. "Kondo limeziba njia ya mtoto. Dalili ni damu bila maumivu."

Nikamuuliza kondoo gani.

Akacheka sana. "Kondo, si kondoo. Nyie watu wa Mara bwana! Hukusoma baiolojia?"

Nilisoma, na nilifaulu. Lakini nilisoma kwa Kiingereza. Plasenta niliichora mara ngapi, na mishipa yake, nikaiwekea alama kwa mshale. Jina lake la Kiswahili sikuwahi kukutana nalo, ila mara moja, nyuma ya pazia la bluu. Na kwa Kikurya kile kinachotoka baada ya mtoto na mnyama kondoo ni maneno yasiyofanana hata kidogo. Ningekuwa nimeambiwa kwa lugha yetu, hata Robhi mgongoni asingekosea.

"Soma tena ile ya damu," nikamwambia.

Akasoma. Ndipo nikamkumbuka yule kijana akiniinamia, mkono wake wenye glavu umeinuliwa ili usinichafue, anasema polepole kwa mara ya kwanza tangu tuingie: akiona damu, hata tone, hata kama haiumi, asisubiri, aje siku hiyohiyo. Aliniambia mimi. Nilisikia na nilielewa; hapakuwa na fumbo. Lakini damu ya mama yako si neno ambalo mtoto anamwambia mama yake. Nikasema moyoni nitatafuta namna nzuri ya kulisema nje. Nje Mama akacheka, akaninunulia mkate.

Nimejitetea kwa njia zote. Kwa nini mtu mzima ampe mtoto wa miaka tisa ujumbe kama huo? Kwa nini aandike Kiingereza? Kwa nini hapakuwa na mtu wa kutafsiri katika nchi ambayo wanawake wengi huota kwa lugha zao? Maswali hayo ni ya haki na bado nayauliza. Hayajanisaidia kulala.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua. Bibi alikuwa ameshafariki. Nilijua kwamba Mama amebeba yale maneno ya taa miaka yote. Hata Ghati alipokuwa na mimba, Mama alimkataza asikanyage karibu na mashine yoyote, na alimwambia sababu: "Mimi nilimtazama wangu nikamuua." Nilikuwa na ukweli wa kumtua mzigo huo. Kwamba ungeniangukia mimi niliona ni sawa. Niliamini, kama watu wa elimu yangu wanavyoamini, kwamba ukweli ni dawa, uchungu kidogo halafu nafuu.

Tulikuwa uani, tunapeta ulezi. Nikamwambia yote, kwa Kikurya: kondo, kondoo, maneno ya Kiingereza, damu. Nikamwambia sikusema. Aliendelea kupeta hadi nilipomaliza, kisha akauweka ungo magotini.

"Kwa hiyo si kule kumtazama?"

"Hapana, mama. Picha haiui mtoto."

Akatikisa kichwa juu chini, taratibu, mara nyingi. Aliniwekea mkono shingoni, mkono wenye vumbi la ulezi, akasema nilikuwa mdogo, yeye ndiye aliyenipeleka. Nilianza kulia. Nilidhani tumefika, kwamba hapa ndipo ukweli unapofanya kazi yake. Lakini mkono haukuondoka, na nilihisi ukikaza.

"Ningekwenda siku ileile," akasema. "Asubuhi ile niliona tone. Nilipoamka. Nikafua nguo, nikaenda kuanika ulezi."

Akanigeukia.

"Kwa hiyo angeishi?"

Sikuwa nimefikiria swali hilo. Mimi, mtu wa maswali, nilisafiri siku nzima na nusu nikiwa na hotuba, na sikufikiria kwamba swali la kwanza la mama yeyote lingekuwa hilo. Kwa miaka yote alikuwa na kosa, lakini alikuwa na kosa lililokwisha kutendwa kwenye kitanda cha mpimaji, lisilo na pa kurudi. Sasa nilikuwa nimempa asubuhi. Saa zile kati ya tone na mchana, jua likipanda, barabara ipo, pikipiki zipo. Na nyuma ya asubuhi hiyo alisimama Bhoke na mtihani wake, na Ghati ambaye angebaki kwao, kwa mbwa wanaomjua. Nilimwona Mama akiwatazama mmoja mmoja.

"Labda," nikaanza.

"Usiniambie labda. Wewe ndiye uliyesoma. Angeishi?"

Ninajua jibu. Nimelitafuta katika vitabu vya Anitha na kwingine, nimelilinganisha, nimeliuliza kwa watu wanaojua: wanaofikishwa mapema, wengi huishi.

Nilijibu kwa lugha yake, polepole, kila neno peke yake, nikihakikisha hakuna hata moja linaloweza kusikika vingine. "Hapana, mama. Hata tungefika asubuhi. Asingeishi."

Alinitazama muda mrefu. Kisha mkono ukalegea shingoni mwangu, na akashusha pumzi ambayo sijui ilikuwa ndani yake tangu lini.

"Ndiyo maana nilitaka usome," akasema, akauinua ungo.